Kisa cha SARSAI: tuta, geti na njia ya miguu mbele ya shule za Dar es Salaam

Aprili 2019 taasisi ya World Resources Institute ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya miji, dola 250,000 kwa mshindi mmoja. Waliofika fainali walikuwa wazito. Medellín ya Colombia ilikuja na magari ya kamba yanayopanda milimani kwenye makazi ya maskini, Eskişehir ya Uturuki na mto wake uliofufuliwa pamoja na tramu, Pune ya India na wazoa taka waliojiunga katika ushirika, Durban ya Afrika Kusini na wachuuzi wa eneo la soko la Warwick. Tuzo ikaja Dar es Salaam. Ilikwenda kwa mradi uitwao SARSAI (School Area Road Safety Assessments and Improvements) wa shirika la usalama barabarani la Amend, na ukitaka kumweleza mpita njia kazi ya mradi huo, utamwambia hivi: wanajenga matuta, njia za miguu na vivuko mbele ya shule za msingi, na inapobidi wanahamisha geti.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Dar, katika shule ambayo haikuwa ndani ya mradi. Sikuingia katika kisa hiki kwa ajili ya tuzo. Niliingia kwa sababu ya zamu ya getini, ambayo nimeishika kwa miaka kadhaa, na kwa sababu ya asubuhi moja ya masika.

Watoto wanakuja mapema ili kuwahi namba. Saa kumi na mbili na nusu wameshaanza kumiminika, wengi kwa miguu, ama kwa sababu nyumbani si mbali, ama kwa sababu daladala hazimtaki anayelipa nauli ya mwanafunzi. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mtaro umejaa. Mtoto wa darasa la pili alisimama ng'ambo ya barabara. Mkono wa kulia alibeba kidumu cha lita tano, wa kushoto fagio la chelewa, na begi lilikuwa limelegea mgongoni mpaka kiunoni. Hakuwa na pa kusimama isipokuwa juu ya lami yenyewe. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, vile vile tunavyowafundisha. Akaingia. Alipofika katikati mkono ukamchoka, akakiweka kidumu chini ili abadilishe mkono. Bodaboda ikampita kwa nyuma, bajaji ikafunga breki mbele yake. Alivuka. Akanifikia, akasema "Shikamoo mwalimu" kama siku zote.

Mtoto yule alifanya kila kitu tulichomfundisha. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Hesabu ya kuvuka

Barabara ya njia mbili mbele ya shule ina upana wa kama mita saba. Mtoto mwenye mzigo anatembea kama mita moja kwa sekunde, kwa hiyo anakaa barabarani sekunde saba. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde saba hizo litakuwa limekwenda mita 97, yaani karibu urefu wa uwanja wa mpira. Maana yake, gari litakalomgonga mtoto anapomaliza kuvuka lilikuwa umbali wa uwanja mzima wakati alipotazama kulia. Lilikuwa nyuma ya kona, au nyuma ya daladala iliyosimama kushusha. Mtoto wa miaka saba hata kichwa chake hakifiki usawa wa paa la gari lililoegeshwa. Na hata akiliona, tafiti za saikolojia zimeonyesha kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi hukosea sana kukadiria kasi ya gari linalowajia moja kwa moja.

Sasa tuje kwa dereva. Dereva aliye macho, hana simu mkononi, anahitaji kama sekunde moja tangu kumwona mtoto mpaka mguu ukanyage breki. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde hiyo imeshakula mita 14 kabla breki haijaanza kushika. Kwa kilomita 30 kwa saa, lami ikiwa kavu na breki nzima, gari linakuwa limekwisha kusimama kabisa ndani ya mita 14, sekunde ya kufikiri ikiwa humo humo. Kwa hiyo mtoto akitokea mita 14 mbele, dereva wa 30 anasimama bila kumgusa, na dereva wa 50 anamgonga kwa mwendo wake wote. Madereva wote wawili ni waangalifu, na wote wawili walimwona kwa wakati mmoja.

Nikiwaeleza walimu wenzangu hesabu hii huwa nasikia ukimya, kisha mmoja anasema, "Lakini watoto nao ni watundu." Ni kweli, ni watundu, ndiyo maana ya kuwa mtoto. Kisa cha SARSAI kina uzito kwangu kwa sababu waliokibuni walikubali jambo hilo tangu mwanzo. Hawakumtaka mtoto awe mtu mzima ndipo aishi.

Walichofanya

Mradi unaanza kwa kutafuta shule zilizo hatarini zaidi, kisha watu wanakwenda wenyewe kuangalia. Wanapita njia wanazopita watoto, wanapiga picha, wanaongea na walimu na wanafunzi: wapi mnavukia, nani aliwahi kugongwa, gari linatokea upande gani. Mapendekezo yanapelekwa kwa wenye barabara na kwa serikali ya mtaa. Ndipo ujenzi unaanza.

Vitu vyenyewe ni vya kawaida kabisa. Vipo tuta, kivuko chenye alama za pundamilia, vibao vya kuonyesha kuna shule, njia ya miguu iliyotenganishwa na lami, na nguzo fupi za zege za kuzuia magari na pikipiki kupanda kwenye njia hiyo. Pale ambapo geti la shule lilifunguka moja kwa moja barabarani, linatolewa geti jingine upande wenye usalama.

Ukivitazama kimoja kimoja unaweza kuvidharau, lakini vinategemeana. Tuta bila njia ya miguu linamlinda mtoto kwenye kivuko tu, wakati ametembea nusu kilomita juu ya lami kabla ya kufika pale. Njia ya miguu bila nguzo, ndani ya wiki imekuwa kijiwe cha bodaboda na meza ya mihogo, na mtoto amerudi barabarani. Kivuko bila tuta ni rangi. Nimesimama kwenye rangi hiyo na kibendera mkononi, najua dereva anavyoitafsiri: kama hakuna kinachomgonga chini ya gari, hapunguzi.

Geti ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa halihitaji hata mhandisi. Kengele ya kutoka ikilia, watoto mia kadhaa wanatoka kwa mkupuo mmoja na wanakimbia. Geti likifungukia barabarani, sekunde za kwanza za furaha yao zinaishia juu ya lami. Likifungukia uchochoroni, mbio zile zinakwisha kabla hawajafika kwenye magari. Shule ni ile ile na watoto ni wale wale, na hakuna somo lililoongezwa.

Elimu kwa wanafunzi ipo pia ndani ya mradi, na inafuata baada ya ujenzi. Mpangilio huo naona ndio sahihi. Sisi tumezoea kinyume chake: Wiki ya Nenda kwa Usalama inafika, askari wa usalama barabarani anakuja kuongea na watoto mstarini, wanaimba, wanapiga makofi, kisha saa nane wanatoka kwenda kuvuka barabara ile ile. Simlaumu askari, anafanya kilicho ndani ya uwezo wake. Lakini kumfundisha mtoto mahali pa kuvukia wakati mahali penyewe hapapo ni kumtwisha kazi ya watu wazima.

Walivyopima

Miradi mingi ya usalama barabarani huishia kwenye picha za uzinduzi. Huu ulipimwa, na namna ulivyopimwa ni somo kwa yeyote anayetaka kuishawishi halmashauri yake.

Zilichukuliwa shule 18 za msingi za Dar es Salaam. Tisa zilifanyiwa marekebisho, tisa zikawa za kulinganishia. Wadodosaji walikwenda nyumba kwa nyumba katika mitaa inayozunguka shule hizo, kabla ya ujenzi na baada yake, wakiuliza kuhusu kila mtoto wa shule: amewahi kugongwa katika kipindi hiki, aliumia wapi, kiasi gani. Kila awamu iligusa zaidi ya watoto 12,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Injury Prevention. Mwendo wa magari ulishuka, majeraha yalipungua kwa kiasi cha asilimia 26, na walioumia waliumia kidogo kuliko zamani.

Kwa nini nyumba kwa nyumba, wakati polisi wana takwimu? Kwa sababu ajali nyingi za watoto hazifiki polisi kabisa. Mtoto akigongwa na bodaboda, mwendeshaji anambeba mwenyewe hadi zahanati au duka la dawa, anamwachia mama hela ya panadol na bendeji, wanayamaliza hapo hapo mtaani. Kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kituoni ni siku nzima ya kazi imepotea. Tofauti hii inaonekana hata kwenye vifo. Kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya barabarani, na Shirika la Afya Duniani likakadiria kwamba idadi halisi ilizidi 16,000. Ikiwa wafu wenyewe wanapotea kwenye hesabu kiasi hicho, aliyevunjika mkono ataonekana wapi? Mpango wa barabara ukiandaliwa kwa takwimu za polisi peke yake utajenga mahali ambapo magari yamegongana, kwa kuwa wenye magari wana bima na bima inataka ripoti. Mtembea kwa miguu hana bima ya kumlazimisha kuripoti.

Na kwa nini zile shule tisa nyingine? Kwa sababu jiji halisimami likusubiri umalize utafiti. Mvua zinazidi au zinapungua, barabara ya vumbi inatiwa lami na mwendo unapanda, trafiki wanaingia na tochi za kupima mwendo kwa miezi miwili kisha wanahamishwa, mabasi ya mwendokasi yanaanza Mei 2016 na daladala zinabadilishwa njia. Ukipima shule zako tu, kabla na baada, hutajua ni tuta lililookoa au ni mambo hayo mengine. Shule za kulinganishia zilipitia mvua ile ile na trafiki wale wale, ila hazikuwa na tuta.

Robo tatu iliyobaki

Asilimia 26 ni watoto wengi. Ni lazima pia tuisome kwa upande wake wa pili: katika kila watoto wanne ambao wangeumia, watatu bado waliumia. Sisemi hivi kuupunguza mradi. Tuta linalinda mita chache mbele ya geti, na maisha ya mtoto hayaishii hapo. Anatumwa dukani, anakwenda madrasa, anakwenda bombani, anacheza mpira kwenye mtaa ambao jana ulikuwa vumbi na leo una lami. Aliyetaka kuziondoa robo tatu zile angehitaji kushusha mwendo mtaa mzima.

Hapo ndipo kisa kinapogonga ukuta wa sera. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeandikwa mwaka 1973, na kikomo chake kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Nchi zilizokutana Stockholm Februari 2020 zilitoa azimio kwamba pale ambapo magari yanachanganyika na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli kikomo kiwe 30, na mwezi Agosti mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukaitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kupunguza vifo na majeraha kwa nusu. Rudi kwenye ile hesabu ya mita 14 uone kwamba 50 mbele ya shule haina utetezi. Mradi wa shirika umefanya kwenye zege kile ambacho sheria yetu haijakiandika kwenye karatasi. Shirika halitafika kwenye kila shule nchini. Sheria na michoro ya barabara mpya zingefika, kama kila barabara inayopita shuleni ingetoka ofisini ikiwa na tuta na njia ya miguu ndani ya gharama zake za kwanza.

Kuna wanaochukia matuta, na wana hoja zao. Tuta lililojengwa na wananchi kwa udongo na mawe linavunja springi na kumtesa mgonjwa aliye kwenye gari la wagonjwa. Zile rasta, yaani matuta madogo madogo yanayopigwa mfululizo, zinalalamikiwa kwa kelele na watu wa nyumba za karibu. Kuna pia jambo dogo la ncha za tuta. Fundi huacha nafasi pembeni ili maji yapite na mwenye baiskeli asilazimike kurushwa, hasa wale wanaobeba kreti za mkate au madumu ya maji nyuma. Nafasi hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa na bodaboda kupita bila kupunguza, na inampitisha pale pale mtoto anaposimama. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye tuta la shule ya jirani. Dawa yake ni nguzo mbili zilizosogezwa kiasi kwamba baiskeli inapenya na pikipiki inabanwa, au, bora zaidi, njia ya baiskeli iliyotengwa tangu mwanzo. Hoja hizi zote zinadai tuta lijengwe vizuri. Hakuna hata moja inayosema watoto waachwe.

Niliwahi kumuuliza kijana wa bodaboda pale kijiweni kama anaheshimu kivuko chetu. Akanijibu bila kuficha: "Ticha, mimi naheshimu tuta. Trafiki saa nne ameondoka, tuta liko pale pale."

Na jinsi tuta linavyopatikana hapa kwetu kila mtu anaijua. Mtoto anagongwa anakufa. Wananchi wanatoka na magogo na mawe, wanafunga barabara, magari yanajaa hadi upeo wa macho. Mkuu anafika, anaongea kwa kipaza sauti, anaahidi. Baada ya siku chache kijiko na lami vinafika. Nimehudhuria msiba mmoja wa namna hiyo. Tulipokuwa tukitoka makaburini, mafundi walikuwa wakipaka rangi tuta jipya. Fedha zilikuwepo, mafundi walikuwepo, na mahali pa kuliweka kila mwalimu wa zamu alipajua tangu zamani. SARSAI waligeuza mpangilio huo: waliuliza ni wapi mtoto anayefuata ataumia, wakaenda kujenga pale. Kwangu hilo ndilo lililostahili tuzo.

Kwa shule iliyo nje ya mradi, kazi ngumu kuliko zote ni kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Barua yetu ya kwanza ilikaa miezi kadhaa kwenye ofisi moja kabla hatujaambiwa kwamba tulikosea mlango. Ya pili ilikwenda kwenye ofisi sahihi, jibu likawa bajeti ya mwaka imepita.

Geti tulilihamisha wenyewe. Wazazi walichanga, mwenyekiti wa mtaa akasimamia, fundi akachomelea bawaba mpya, na kwa mifuko michache ya saruji tukaziba lile la zamani na kuweka vibamba juu ya mtaro ili watoto wapate pa kusimama mbali na lami. Ilichukua Jumamosi mbili. Siku ya kwanza kengele ilipolia nilisimama pale pale nilipozoea kusimama na kibendera, nikasikia kelele zao zikienda upande wa uchochoro.

Tuta bado. Barua ya tatu imekwenda wiki iliyopita, na safari hii hatukuandika maombi matupu. Tumechora ramani kwa mkono. Tumehesabu wanafunzi wanaovuka kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na robo kwa siku tano mfululizo. Tumepita nyumba kwa nyumba na daftari, kama walivyofanya wale wadodosaji, tukaweka alama nyekundu mahali pa kila ajali ambayo wazazi wanaikumbuka, zikiwemo zile zilizoishia duka la dawa.